Kipimo cha Mwanamke Mzima

1

Wanawake wa kata yetu walikuwa wanakufa kwa njaa huku wakila kila siku chakula walichopangiwa, na aliyewapimia chakula hicho ni mimi.

Sisemi hivyo ili nihurumiwe. Nasema ili ijulikane tunaanzia wapi.

Wa kwanza alikuwa Mama Sinda wa kitongoji cha juu. Alianguka kwenye foleni ya jiko la kata akiwa ameshika sahani yake. Mgawaji alimshika mkono akautazama ushanga wake wa kupimia mwili. Ulikuwa wa kijani. Kijani maana yake mwili una kinachoutosha. Basi wakasema ni moyo. Wa pili wakasema ni malaria. Alipofika wa sita hakuna aliyesema kitu. Tulizika, tukanawa mikono, tukarudi kwenye foleni, kwa sababu jiko linafungwa saa nane mchana na ukichelewa chakula chako kinarudi ghalani.

Siku tuliyomzika wa tisa nilisimama kwenye foleni nyuma ya mke wangu, Perpetua. Kanga aliyokuwa ameizungusha kiunoni ilikuwa inamzunguka nusu mzunguko zaidi ya zamani. Alipovalishwa ushanga alikuwa na kilo sitini na moja. Asubuhi ile niliubonyeza ushanga wake akiwa amejilaza, ukanionyesha arobaini na sita. Rangi ilikuwa kijani.

Tukafika mbele. Jiko la kata halina mpishi wa kuongea naye. Kuna mwiko wa chuma unaoning'inia kutoka darini, na kuna mgawaji, ambaye kazi yake ni kuinua sahani na kuishusha. Mgawaji wetu alikuwa Kinyisi, mtu wa maneno mengi. Perpetua aliuweka mkono wake kwenye jicho la mashine. Mwiko ukashuka, ukachota, ukasita, ukapunguza kidogo, ukamwaga. Ugali wa unga wa tangi, dengu, majani. Nikaweka mkono wangu. Mwiko ukashuka mara mbili.

"Mwongezee huyu," nilimwambia Kinyisi.

"Mzee Mathei, ningekuwa na uwezo wa kuongeza, ningeanza na mama yangu. Mwiko unausikiliza Mwongozo wa lishe. Mimi nainua sahani."

"Basi Mwongozo umekosea."

"Umekosea wapi? Ushanga wake si wa kijani?" Akageuka ili na foleni isikie. "Halafu mpimaji si ulikuwa wewe? Si wewe uliyekuwa unazunguka na ubao wa kupimia mgongoni kama kobe, unapiga hodi nyumba za watu saa ya chakula? Tukasema huyu mzee ana njaa gani, kila mlo yupo."

Watu walicheka kidogo. Perpetua naye alicheka. Tukaenda kukaa, yeye benchi la wanawake, mimi la wanaume.

Utauliza kwa nini sikumpa changu. Nilijaribu, wiki ya pili. Sahani inajua mkono. Mkono wa mtu mwingine ukiingia kwenye sahani yako, shanga zote mbili zinakuwa nyekundu na mwiko unawafunga wote wawili siku tatu. Siku zile tatu tulilala tu nyumbani na baba yangu akatuletea maji. Kutoka na chakula nje pia hairuhusiwi; mlangoni kuna pua ya mashine. Kwa hiyo nilikaa mbali na mke wangu hatua kumi na mbili, nikamaliza sahani yangu yote, kwa sababu ukiacha, wiki inayofuata unapunguziwa na hakuna anayeongezewa kile ulichoacha.

Yeye alimaliza zamani. Alikuwa anautazama ukuta.

2

Kabla ya Ukame Mrefu, Mwongozo wa Lishe kwa Watu Wazima ulikuwa picha kwenye ukuta wa zahanati. Sahani iliyogawanywa kwa rangi: hapa nafaka, hapa mboga, hapa nyama, kunywa maji, punguza chumvi. Hakuna aliyeufuata. Mtu alikuwa anausoma akiwa anasubiri sindano.

Mvua zilipokosekana mwaka wa sita, Jamhuri ilikusanya kila punje. Ikajenga matangi ya kuotesha unga kwa jua na maji kidogo, ikajenga majiko ya kata, ikakusanya masufuria yetu na kuyayeyusha yawe matangi. Kuanzia hapo Mwongozo haukuwa ushauri tena. Mwongozo ndio mwiko. Na kwa kuwa chakula kilikuwa cha kuhesabu, wakubwa walisema uandikwe upya, utokane na miili ya watu wetu wenyewe badala ya vitabu vya nchi za watu. Hilo lilikuwa wazo zuri. Mpaka leo nasema lilikuwa zuri.

Upimaji ulifanywa mwaka mmoja kabla ya majiko kufunguliwa, watu wakiwa bado wanapika majumbani. Walitaka wapimaji wanaojulikana na watu. Mimi niliacha shule darasa la nne nikachunge ng'ombe wa baba, halafu nikafanya kazi ya kupima alizeti kwa wafanyabiashara miaka ishirini na miwili. Kusoma ninasoma polepole. Mizani sikosei. Wakanichukua.

Kazi ilikuwa hivi. Kila mtu mzima alivaa ushanga mkononi, nao uliusoma mwili wake: uzito, damu, usingizi, hatua anazotembea. Mimi nilibeba ubao. Unauweka chini ya sinia, wenyewe unapima, unanusa ni chakula gani, unahesabu kila tonge na mkono uliolichukua. Kilichoonwa na ubao na kilichoonwa na shanga vilikwenda mji mkuu kwenye mashine inayoitwa Hesabu Kuu. Yenyewe iliviweka pamoja: mtu wa aina hii ameingiza kiasi hiki, amefanya kazi kiasi hiki, hajakonda wala hajanenepa, basi kipimo chake ni hiki. Mwanamume wa kazi nzito, kipimo chake. Mwanamke mzima, chake. Aliyepita miaka sitini na tano, chake.

Tulipewa kanuni kumi na nane. Kanuni ya saba ilisema: pima kila kinachoingia kinywani, popote kinapoliwa.

Mimi nilifanya kama ambavyo mwanamume yeyote wa kwetu angefanya. Nilipiga hodi, nikapewa kigoda sebuleni, nikauweka ubao pale sinia lilipoletwa. Wanawake walituandalia, wakanawa, wakarudi jikoni na sahani yao. Ubao wa pili niliuweka kwenye kizingiti cha jikoni, wao wakauvuta ndani wakaweka sahani juu yake, wakaurudisha wakimaliza. Sikuingia. Kwetu mwanamume mgeni haingii jikoni kwa watu, na hata mwenye nyumba anaishia mlangoni. Nyumba ya kumi na moja ilikuwa ya wakwe zangu. Jikoni alikuwa mama mkwe. Ningeingiaje?

Mwisho wa fomu kulikuwa na swali: Je, kuna chakula kinacholiwa nje ya mlo? Siku za mwanzo niliuliza. Wanawake walijibu hakuna, wakitazama pembeni. Mwanamke gani angemwambia mpimaji, mume wake akiwa anasikia, kwamba alishakula kabla ya kumpakulia? Baada ya nyumba kama ishirini nikaacha kuuliza. Jumamosi nilikuwa nakaa kwa Mlawa muuza chai, natoa fomu za wiki nzima, natia alama kwenye hapana, hapana, hapana. Nyumba mia tatu na kumi na mbili. Wapimaji wote tulifanya hivyo. Hatukuona ni uongo. Jibu tulikuwa tunalijua.

Hesabu Kuu ikapokea. Ikaona wanawake wa nyanda zetu wanaingiza kalori elfu moja na mia tatu hivi kwa siku, wanachota maji, wanatwanga, wanabeba kuni, wanalala kwa saa tano tu, na hawakondi. Mashine haiwezi kuacha shimo kwenye hesabu. Ikatafuta sababu, ikaipata. Ikasema wanawake hawa wana mwili wa akiba: mwili unaotumia kidogo na kutunza kingi. Wataalamu walikuja kutoka nchi tatu kusikiliza. Ikaandikwa kwenye Mwongozo, ukurasa wa arobaini. Mwanamke mzima, nyanda za kati: kalori 1,340. Mwanamume wa kazi nzito: 2,250. Na shanga zikaelekezwa kwamba mwanamke wa kwetu akipungua, huo ni mwili unatumia akiba yake, usiwe na wasiwasi, kijani.

3

Baada ya mazishi ya tisa nilimkuta Perpetua jikoni kwetu. Jiko lilikuwa tupu. Mafiga yalikuwepo, kinu kilikuwepo kimeinamishwa, masufuria yalishachukuliwa. Alikuwa amekaa juu ya kinu. Nikaingia, nikakaa chini.

Alinitazama. "Umepotea njia, Baba Njiku?"

"Nataka kukuuliza kitu. Zamani, tulipokuwa tunapika, ulikuwa unakula nini?"

"Si ulikuwa unaniona."

"Nilikuwa naona ile sahani ndogo."

"Ile ilikuwa ya kuonekana."

Akaona kweli sijui.

"Ukoko alikuwa anakula nani?" akasema. "Ulidhani nautupa? Ukoko wa ugali wa watu sita ni chakula cha mtu. Mlenda unauonja mpaka chumvi ikubali, mara tano, mara sita, na kila ukionja unaonja na tonge. Karanga unatwanga kiganja kimoja kinuni, kiganja kimoja mdomoni. Viazi unavyomenya, kimoja kinaiva kwenye majivu. Uji wa asubuhi, wa chini ule mzito, unakomba kwa mwiko. Ndio tulivyoishi. Mama yangu hivyohivyo. Mama yako hivyohivyo, na yeye alikuwa ananishinda."

"Kwa hiyo ulikuwa umeshashiba kabla ya kutuletea."

"Kushiba ni neno kubwa. Nilikuwa nakula nimesimama. Cha kusimama hakihesabiwi."

"Ungeniambia nilipouleta ule ubao."

"Uliniuliza?"

"Niliuliza."

"Uliuliza kwa majirani. Hapa kwako hukuuliza, ulitia alama. Nilikuona." Aliisema bila hasira, kama anaeleza njia ya kwenda mahali. "Na hata ungeuliza, ningesema hakuna. Mama yako alikuwa hai, amekaa pale. Nianze kusema mbele ya mkwe wangu kwamba nakomba sufuria?"

Nilihesabu kichwani. Sihitaji mashine kwa hesabu ndogo. Ukoko, karanga, tonge za kuonjea, viazi. Ilikuwa theluthi ya chakula chake. Theluthi ya chakula cha kila mwanamke niliyempima. Tulipowaondoa jikoni tuliwaondolea theluthi ile, halafu tukawapa iliyobaki na kuiita yote.

"Utafanya nini?" akaniuliza.

"Sijui."

"Mwongozo wanaufunga Ijumaa, usiguswe tena. Kinyisi alikuwa anasema."

"Najua."

"Basi leo ni Jumatatu," akasema. Akajaribu kuinuka kwenye kinu, akashindwa, akakaa tena.

4

Nilipanda lori la maji. Siku mbili njiani. Jumatano mchana nilikuwa ofisi ya Kamati ya Mwongozo, na aliyenipokea alikuwa Dakta Semvua, mama wa miaka thelathini na sita, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Alikuwa msimamizi wa mambo ya watu wazima. Aliposimama kunisalimia alishika meza kwanza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Dakta, nimekuja kusema fomu zangu ni za uongo."

Nilimweleza kama nilivyoelezwa. Hakuandika. Nilipofika kwenye ukoko alinikatisha.

"Ukoko," alisema.

"Ukoko."

"Gramu ngapi kwa siku?"

"Sijui. Sikuingia."

"Bibi yangu alikuwa ananipa ukoko na sukari," akasema. "Mlangoni kwa jikoni, kabla wanaume hawajaletewa. Nilikuwa na miaka saba." Akautazama mkono wake mwenyewe, ushanga wa kijani. "Ule mwili wa akiba, mzee, mashine ilitoa namba tu. Aliyeuandikia maelezo ni mimi. Nilipewa tuzo."



Akawapigia simu wapimaji watatu wa kata nyingine, mimi nikisikia. Aliwauliza swali moja: uliingia jikoni? Wa kwanza alicheka, akauliza ni utani gani huo. Wa pili naye alicheka. Wa tatu hakucheka, akasema hapana, dakta, ningeingiaje.

Akaiagiza Hesabu Kuu, kwa majaribio, ihesabu bila yale majibu ya hapana. Ilichukua muda wa kunywa kikombe cha maji. Mwanamke mzima, nyanda za kati: kalori 1,980.

"Basi waandikie hiyo," nikasema.

"Ghala halijaongezeka, mzee. Matangi mapya yanaanza kutoa unga baada ya wiki arobaini na moja. Mpaka hapo, ukiweka huku lazima utoe kule." Akaugeuza ubao wake wa kioo nione. "Inatoa hapa."

Nilisoma polepole. Waliopita miaka sitini na tano, wanaume kwa wanawake. Kutoka 1,600 hadi 1,050.

"Kwa nini isitoe kwetu? Mimi nakula elfu mbili mia mbili na hamsini, na nimekaa tu. Sijashika jembe mwaka wa pili huu."

"Umeandikwa kazi nzito."

"Niandike upya."

"Hesabu haimwoni Mathei. Inaona kundi. Kundi lako ndilo linalochimba mabwawa. Likipunguziwa, mabwawa yanachelewa, matangi yanakosa maji, na hizo wiki arobaini na moja zinakuwa sitini. Nimejaribu mara tatu ukiwa umekaa hapo. Kila mara inakataa."

Binti yetu Njiku na mume wake wako kwenye mabwawa hayo. Sikusema.

"Wazee wangapi watakufa?" nikauliza.

"Kwa nyanda zote, mpaka matangi yafunguliwe, inakisia elfu kumi na moja na mia tatu."

"Na tukiacha ilivyo, wanawake?"

"Elfu kumi na moja na mia moja." Alisubiri nielewe. "Tofauti hiyo haina maana. Ni ndogo kuliko kosa la mashine yenyewe. Hesabu haikusaidii, mzee. Hainisaidii na mimi."

Akanieleza jambo la kufunga. Mwongozo wa kwanza, wa majiko ya majaribio, ulikuwa wazi, na kila mkubwa aliyepita aliongeza kijiko kwa watu wa kwao mpaka mikoa miwili ikabaki na maji ya dengu. Kwa hiyo huu ukifungwa Ijumaa hakuna mkono wa mtu utakaouchezea kwa miaka kumi, isipokuwa mashine yenyewe kwa kadiri ghala litakavyojaa. Na mpaka hiyo Ijumaa, habari ya upimaji inaweza kufutwa na mtu mmoja tu, aliyepima, akiwepo mwenyewe, kwa kidole gumba. Mpimaji mmoja akifuta jibu, mashine inalazimika kulitupa jibu hilo kwa nyanda zote. Wapimaji wengine walikuwa mbali. Kidole kilichokuwepo chumbani kilikuwa changu.

"Wewe unasemaje?" nikamuuliza.

"Siwezi kukuambia tia. Nikikuambia tia, nitakuwa nimechagua, na mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita anayesikia kizunguzungu. Siwezi kukuambia usitie, maana nitakuwa nimewaua wenzangu kwa kuogopa kuonekana najipendelea." Akauweka ubao mezani kati yetu. "Una mzee nyumbani?"

"Baba yangu. Sabini na nane."

"Na mke?"

"Yupo."

"Pole," alisema.

Watu wananiuliza nilifikiria nini. Wanataka niseme niliomba Mungu, au niliona uso wa baba, au wa Perpetua. Sikuona uso. Nilifikiria kwamba nimeandika hapana mara mia tatu na kumi na mbili na kila moja ilikuwa ndiyo. Mizani ikikosea unairekebisha. Huulizi gunia ni la nani. Nilifanya hivyo miaka ishirini na miwili kwenye alizeti, sikujua namna nyingine. Nikatia kidole.

Dakta Semvua alinipa kikombe kingine cha maji. Tulikaa tukayanywa. Nje kulikuwa na watu wanapaka rangi ukuta kwa ajili ya sherehe ya Ijumaa.

5

Baba nilimkuta kwenye kiti chake cha kamba uani, ananyoa ndevu bila kioo. Mzee Msengi, baba yangu, alikuwa mnunuzi wa ng'ombe enzi zake, mtu wa kusimama katikati ya mnada na kupigiwa salamu pande zote. Nikamweleza yote, hata namba.

Alimaliza shavu moja kwanza.

"Umesafiri siku mbili kwenda kuwaambia wakubwa kwamba mke wako anakula ukoko."

"Ndiyo, baba."

"Na wakakusikiliza."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo changu wamempa yeye."

"Wamewapa wanawake wote. Wametoa kwa wazee wote."

"Mimi sikuuliza wote." Akafuta wembe kwenye paja. "Ungeniuliza kabla ya kutia hicho kidole."

"Ungesema nini?"

"Ningesema usitie. Ulidhani ningesema nini? Kwamba nimeishi vya kutosha? Nina miaka sabini na nane, babu yako alifika mia na moja. Napenda kula, Mathei. Sasa hivi ndicho kitu pekee ninachokipenda." Akaanza shavu la pili. "Nenda kapumzike, umechoka na safari."

Hakunisemesha tena. Siku za kwanza nilidhani ni hasira ya kupita. Alikuwa anaongea na Perpetua, anamwita mama, anamtania kwamba sasa amekuwa mkubwa wa nyumba. Mimi nikikaa karibu ananyamaza, anautazama mti wa uzio.

Jumatatu iliyofuata mwiko ulishuka mara mbili kwa Perpetua. Kinyisi aliinua sahani, akaishusha, hakusema neno. Halafu ikaja foleni ya wazee. Mwiko ulishuka, ukachota, ukasita, ukapunguza, ukapunguza tena. Bibi mmoja aliishika sahani yake akangoja, akidhani mashine haijamaliza.

Perpetua alianza kuongezeka. Arobaini na sita, arobaini na saba, arobaini na nane. Halafu akasimama. Wiki ya tisa arobaini na nane, wiki ya kumi na tano arobaini na nane. Mimi ni mpimaji, naliona jambo kama hilo. Siku moja mchana nikasogea mlango wa jikoni. Baba alikuwa amekaa juu ya kinu, amenipa mgongo, anakula. Perpetua alikuwa anafungua pindo la kanga, anamtolea tonge lingine. Tonge zilikuwa zimeviringishwa kwenye majivu. Aligundua mwenyewe kwamba pua ya mlangoni hainusi kitu kilichopakwa majivu. Na sahani iliona mkono wake ukienda mdomoni kila mara. Haikuona kama mdomo ulifunguka.

Baadaye nikamwambia, "Utakamatwa."

"Nimekula jikoni miaka ishirini na saba bila wewe kujua," alisema. "Mashine ina miaka mingapi?"

Nikaenda zangu. Safari hii nilijua, sikumwambia mtu. Sikuwa nimeulizwa.

Walimkamata Perpetua wiki ya ishirini na moja, kwa sababu majivu yalimwagika mlangoni. Ushanga mwekundu, siku tatu bila chakula. Siku ya pili alizimia uani na baba ndiye aliyemwona. Alipopata nguvu za kumletea tena, baba alifunga mdomo. Alimrudishia tonge mkononi, akamkunjia vidole vyake juu yake. Alifanya hivyo kila siku mpaka Perpetua akaacha kumletea.

Baba alikufa wiki ya ishirini na tisa, saa nne asubuhi. Jana yake jioni alikuwa amemwambia Perpetua kwamba anatamani mlenda wenye karanga. Perpetua akamwambia msimu wake bado. Mimi nilikuwa mlangoni. Alinitazama, nikadhani atasema kitu. Akaomba maji, nikampa, akanywa.

Matangi mapya yalifunguliwa wiki ya arobaini na moja kama walivyosema, wala haikupita siku hata moja. Kipimo cha wazee kikarudishwa 1,600. Ofisi ikaniletea barua kwamba kwa kuwa mimi ndiye mpimaji wa kata, nihesabu waliokufa kwenye kata yangu niwapelekee. Nikahesabu. Safari hii niliingia kila nyumba, mpaka jikoni.

Kabla ya kidole changu, wanawake tisa. Baada yake, wanawake wawili, ambao miili yao ilishapita pa kurudia. Wazee thelathini na wanne: wanaume kumi na sita, bibi kumi na wanane. Baba alikuwa wa ishirini na tatu. Watu wa kundi la kazi nzito, hakuna.

Perpetua alianza na kilo sitini na moja, akashuka hadi arobaini na sita, leo ana hamsini na mbili. Meno ya mbele mawili hayapo.

Mimi nilianza na kilo sabini na nne. Nina sabini na tatu.